Kioo cha Mwalimu Mepukori Kilikuwa Kizima

Kwa miezi minne nilimwambia mzee wa watu kwamba monita yake ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kuliko zote nilizokuwa nazo mezani.

Na kabla hujaniita tapeli, jua kwamba sikuchukua hata mia yake. Soma mpaka mwisho, kisha niite unavyotaka.

Naitwa Eliaichi. Mimi ni Mchaga wa Machame, lakini Karatu huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta, kando ya barabara ile wanayopita watalii kwenda kreta. Magari yao yanapanda asubuhi yanang'aa, yanashuka jioni yamejaa vumbi. Hayasimami kwangu.

Niliolewa, nikaachika. Mtoto sina. Mama nilikuwa namlea hapa hapa Karatu mpaka alipofariki, na tangu hapo nyumbani ni mimi na redio.

Sisemi ili unionee huruma. Nasema ili uelewe kilichofuata.

Kazi ya ufundi ina upweke wake, bana. Watu wanaingia siku nzima, lakini hakuna anayekuja kwako. Wanakuja kwa mashine zao. Mtu anaweka laptop mezani, anasema haiwaki, anaacha namba ya simu, huyo kaondoka.

Kuna siku nilifunga kibanda nikagundua kwamba maneno mengi kuliko yote niliyomwambia mtu tangu asubuhi yalikuwa "njoo keshokutwa".

Basi. Mwezi wa pili mwaka jana, siku ya mnada wa kila mwezi, akaingia Mwalimu Mepukori.

Mzee mrefu, mwembamba. Rubega nyekundu, juu yake koti la suti la zamani, miguuni katambuga. Amekumbatia kitu kilichofungwa shuka, amekibeba kwa uangalifu kama kichanga.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha naye akanisalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya."

Akasubiri. Nikamwambia Mwalimu, sijui kujibu hiyo. Akasema jibu lake ni "Iko", na kwamba mtu aliyeishi Karatu miaka yote hiyo bila kujua jambo dogo hivyo, itabidi aanze leo. Akarudia salamu. Nikajibu. Ndipo akakaa.

Ndani ya shuka kulikuwa na monita ya inchi kumi na tisa.

Akanieleza taratibu, kama anayefundisha darasa la tatu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amestaafu, anaishi upande wa Endulen. Siku ya kumuaga, shule ilimpa kompyuta moja ya zamani. Nyumbani ana sola juu ya bati. Kila asubuhi, mbuzi wakishatoka, anakaa mezani anaandika.

Anaandika nini? Nikauliza kwa adabu tu, kama unavyouliza mteja.

Akasema anaandika majina ya visima, na nani alichimba. Nani alihamia kutoka wapi, alikuwa rika gani, alioa boma la nani. Wanawe wawili walishahama na familia zao na ng'ombe wao, wamekwenda mbali. Majirani pia wengi wamehama. Mkewe alikwisha kufa.

"Mtu akiondoka," akasema, "anaondoka na jina la kisima pia."

Sikuzoea wateja wa namna hii.

Nikamuuliza tatizo la kioo. Akasema kinafifia. Zamani kilikuwa kinawaka vizuri, sasa ni kama mtu amekifunika kwa moshi.

Nikamwambia hizo ni taa za ndani.

Niwaeleze kidogo msiojua. Kioo cha kompyuta chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna taa ndogo ndogo zinazomulika picha ili uione. Zikifa, picha inakuwepo lakini huioni. Fundi anazima taa za chumba, anachukua tochi, anamulika kioo kwa ubavu. Akiona picha kule ndani kwa mbali, anajua kioo kipo hai, taa ndizo zimekufa.

Kipimo kingine ni cha rangi. Unaweka kioo cheupe chote, unatazama kama kuna sehemu yenye giza. Unaweka cheusi chote, unatazama kama mwanga unavuja pembeni. Kisha unaiacha iwake saa mbili tatu, kwa sababu kuna taa zinazozimika zikipata joto.

Nikafanya vyote. Monita ikawaka kama maziwa.

Nikamwambia Mwalimu, hii ni nzima. Labda ni sola yako, umeme unakuwa mdogo. Akakubali. Akaifunga tena kwenye shuka, akashukuru, akaondoka kuwahi gari la kurudi.

Nikafunga kibanda nikijiuliza kwa nini siku ile ilikuwa fupi.

Mwezi wa tatu akarudi. Siku ya mnada tena.

Safari hii akasema giza limeongezeka, na linaanzia pembeni linakuja katikati.

Maelezo hayo yalinichanganya, kwa sababu ndivyo taa za ndani zinavyokufa. Kwenye monita nyingi zimepangwa ukingoni. Ukanda mmoja ukileta shida, giza linaanza pembeni kweli.

Nikaifungua. Nikatoa kioo, nikatoa karatasi zake za kusambaza mwanga, nikapima taa moja moja kwa mita. Ilinichukua karibu saa tatu. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja muda wote ule, akinisimulia.

Alinisimulia mwaka wa ukame mkubwa walivyohamisha ng'ombe mpaka karibu na Loliondo. Alinisimulia mtoto aliyekuwa analeta kila siku jiwe moja shuleni ili darasa liishe kujengwa, na sasa ni daktari wa mifugo. Alijifunza kupiga taipu chuoni enzi hizo, wakifunikwa mikono kwa kitambaa wasitazame herufi, na mpaka leo anaandika bila kuangalia vidole. Na aliniuliza habari zangu.

Hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza, halafu akasubiri jibu.

Nikamweleza habari za mama. Nikamweleza hata za mume, ambazo nilikuwa sijamwambia mtu Karatu nzima. Hakunipa ushauri. Alisema tu "ehe", akanyamaza kidogo, akasema "ehe" tena.

Jirani yangu anaitwa Marsela, anauza chai na chapati kwenye kibanda kinachofuata. Siku ile alituletea chai. Mwalimu alipoondoka, Marsela akaja kuchukua vikombe.

"Eliaichi, yule mzee haoni," akaniambia. "Nimemwekea kikombe mbele yake, amekipapasa meza nzima."

Nikamjibu ni uzee tu.

Marsela akanitazama. Akachukua vikombe vyake, akaenda zake.

Naomba mkumbuke sehemu hii mnaponihukumu. Niliambiwa. Mwezi wa tatu niliambiwa.

Mwezi wa nne akaja mara ya tatu. Monita ile ile, shuka lile lile.

Safari hii nilitaka kuhakikisha. Nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa turubai, chumba kikawa giza kabisa mchana kweupe. Nikaiwasha. Nikaweka rangi nyeupe, kioo chote, mwanga wa mwisho. Chumba kizima kikamulikwa. Niliona mpaka mshono wa koti la Mwalimu.

Nikamuuliza, Mwalimu, wewe unayekifahamu kioo chako, nionyeshe ni pembe ipi ina giza.

Akainua mkono. Akautembeza polepole hewani.

"Pembe zote," akasema. "Hapa katikati tu ndipo naona kidogo. Kama tundu la kufuli."

Nikasimama pembeni yake, karibu kabisa, nikapunga mkono usawa wa sikio lake. Hakugeuka. Nikausogeza mpaka karibu na shavu. Hakupepesa.

Nikajua.

Sasa sikilizeni. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema: Mwalimu, kioo ni kizima, tatizo ni macho, twende hospitali. Ni maneno machache tu. Nilikuwa nayo mdomoni.

Lakini kichwani nilishaona yatakayofuata. Nikisema hivyo, ataenda kwa daktari. Wanawe watapigiwa simu. Watakuja kumchukua, kwa sababu mzee asiyeona hawezi kukaa peke yake na mbuzi. Na hata kama hawatakuja, monita ikishakuwa nzima, ataileta kwangu kwa sababu gani?

Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Ni taa za ndani, Mwalimu. Nitaagiza Arusha. Iache hapa, uje mnada ujao tuone."

Akainuka taratibu.

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Huo ndio uongo wangu. Na siyo kwamba niliusema mara moja. Mwezi wa tano nikasema taa zilizoletwa siyo saizi yake. Wa sita nikasema duka limefungwa, mwenye duka kafiwa. Wa saba nikasema naiweka chini ya uangalizi, inawaka lakini siiamini.

Kila mnada alikuja. Alitoka kwake alfajiri, akapanda gari, akazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu ule, akafika kwangu saa tano. Alikaa mpaka saa nane. Nilianza kupika. Mimi niliyekuwa nakula chapati kavu kibandani, siku ya mnada nikawa nabeba ndizi na nyama kwenye hotipoti, na maziwa mgando kwa sababu alisema chai ya Marsela ina majani machache.

Sikumwona akijikwaa. Au niseme ukweli, niliangalia pembeni alipojikwaa.

Mnada wa mwezi wa nane hakuja.

Nikasubiri mpaka chakula kikapoa. Nikapiga simu yake, haipatikani. Kule mtandao ni wa kubahatisha, nikajifariji. Kesho yake haipatikani. Siku ya tano bado.

Nikamwomba Marsela aniangalizie kibanda, nikaichukua ile monita, nikaifunga kwenye shuka lake. Nikapata nafasi kwenye gari la abiria linalokwenda Endulen.

Baridi ya kule juu mwezi wa nane haielezeki. Ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva anatoa kichwa nje ya dirisha. Mimi nimekumbatia monita mapajani, nafikiria nitamkuta vipi. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, wallahi. Nilipanga kusema taa zimepatikana, nimeibadilisha, sasa ni mpya.

Nilishushwa mchana. Mchungaji mmoja aitwaye Ngoitiko akaniongoza kwa mguu, karibu nusu saa. Njiani tukapita maboma matatu matupu. Uzio wa miiba umelala, nyasi zimeota mahali ng'ombe walikuwa wanalala. Nikamuuliza wenyewe wako wapi. Akasema wamehama. Nikamuuliza nani anakaa jirani na Mwalimu sasa.

Akafikiri. "Mimi," akasema. "Lakini mimi natembea na ng'ombe."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya bati, imesimama peke yake. Mbuzi wachache nje. Mlango wazi.

Nikafika mlangoni, nikataka kupiga hodi. Nikasikia sauti ninayoijua vizuri kuliko zote kwa kazi yangu.

Vidole kwenye kibodi.

Mwalimu Mepukori alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka, mguu mmoja umefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kigoda. Mbele yake kibodi. Pembeni kompyuta inavuma. Mahali pa monita palikuwa patupu, ukuta mtupu, kwa sababu monita nilikuwa nimeibeba mimi.

Anaandika hivyo hivyo. Haraka, bila kusita.

Nilisimama pale mlangoni bila kupiga hodi.

Akaacha kuandika. Akageuza uso, lakini siyo kwangu. Aliuelekeza kwenye mwimo wa mlango, kando yangu kidogo.

"Nani?"

Nikasema ni mimi, Mwalimu, fundi wa Karatu. Uso wake ukafunguka. Akaniambia nikaribie, nivute kiti, kipo kushoto. Akaomba radhi kwamba hakuja mnada. Aliteleza kisimani, kifundo cha mguu kimevimba, na simu ilidondoka majini.

Nikaweka monita mezani. Nikaunganisha nyaya zake mbili, kimya kimya. Nikabonyeza kitufe.

Ikawaka. Chumba kile chenye dirisha moja dogo kikajaa mwanga mweupe, na ukurasa aliokuwa anaandika, ule unaojifungua wenyewe kila akiwasha, ukatokea wote.

Nikausoma. Hakujua kama nasoma, au nilidhani hajui.

Herufi chache zilikuwa zimekosewa, vidole vikiteleza hatua moja. Lakini uliandikwa kwa Kiswahili cha mwalimu, na nukta zake.

Nanukuu sehemu ya juu, kwa sababu amenipa ruhusa:

"Mwezi wa saba. Nimekwenda Karatu. Fundi anasema bado anakiangalia kioo. Kioo ni kizima, mimi ninajua na yeye anajua. Macho yangu yalianza kuzimika kabla ya mvua. Nikisema macho, wataniondoa hapa. Nikisema kioo, napewa kiti na kuulizwa habari. Alipika ndizi. Nitarudi mnada ujao."

Nilikaa chini. Kiti kilikuwa kushoto, kama alivyosema.

Mwalimu akauliza kwa upole, "Kinawaka?"

"Kinawaka."

"Umesoma?"

Nikasema ndiyo.

"Basi soma kwa sauti. Tangu mwaka umeanza sijasikia nilichoandika."

Nikasoma. Nilisoma kurasa nyingi mchana ule. Majina ya visima, ya watu, ya ng'ombe maarufu. Nilipofika kwenye mstari ule wa macho na kioo, nikasimama. Akangoja. Nikaumaliza.

Nikamwambia nilijua tangu mwezi wa nne. Akasema anajua, kwa sababu siku ile nilipopunga mkono karibu na shavu lake alisikia upepo wake.

Nje mbuzi wanalia kidogo.

Hapo ningeweza kumaliza hadithi, na mngesema ni nzuri, wazee wawili wa upweke wamekutana. Mimi siyo mzee lakini mmenielewa. Ila haikuishia hapo.

Kesho yake Ngoitiko alichukua mbuzi, mimi nikamchukua Mwalimu. Alibisha kidogo tu. Nadhani alishachoka. Tukashuka Karatu, siku iliyofuata tukaenda Arusha mjini kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa mama mtulivu. Alimweka Mwalimu kwenye mashine, kidevu juu ya chuma, akamulika jicho moja, akamulika jingine. Nikafikiri, kumbe kazi yetu ni moja, isipokuwa yeye vipuri vyake haviagizwi.

Akasema ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, haiumi, mtu hajui. Kilicholiwa hakirudi. Jicho la kulia limebaki na tundu dogo, kwa dawa na upasuaji linaweza kulindwa libaki hivyo hivyo. La kushoto limekwisha.

Akamwambia Mwalimu atoke akapumzike kwenye benchi. Akanibakiza mimi, akidhani ni binti yake.

"Mngekuja miezi minne iliyopita," akasema, "la kushoto nadhani tungeliokoa."

Hakunilaumu. Ni daktari tu anayesema jambo analolisema kila siku.

Mwezi wa nane ukitoa minne, mnapata ngapi?

Nilitoka nje. Mwalimu alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo. Akanisikia nikikaa. Akaniuliza daktari ameniambia nini baada ya yeye kutoka.

Jamani, uongo ulikuwa tayari. Umeshaiva. Ningesema tu ameeleza namna ya kuweka dawa.

Nikamwambia ukweli. Kwamba jicho la kushoto lilikuwa bado hai siku ile kwenye chumba chenye turubai. Kwamba siku ile ile nilijua, nikachagua kusema taa.

Watu walipita mbele yetu, wamefungwa bandeji nyeupe machoni, wameshikwa mikono na ndugu zao.

"Na mimi nilijua kabla yako," akasema mwishoni. "Lakini wewe ulikuwa unaona."

Akanyoosha fimbo, tukainuka kwenda kuchukua dawa.

Mwanawe mkubwa, Tajewo, alifika Karatu kumchukua wiki mbili baada ya upasuaji. Alinishukuru sana, akaniita dada. Kila akinishukuru nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza na yeye. Akasikiliza, akatazama chini, akasema, "Mimi ni mtoto wake, nilikuwa wapi?" Kisha akabeba mizigo.

Kwa hiyo kile alichokuwa anakiogopa Mwalimu kikatokea. Alihamishwa, akaenda kuishi kwa mwanawe, mbali na visima vyake. Alipopanda gari alinipa mkono. Alikuwa na adabu. Hakunisalimia Kimaasai.

Kompyuta walikwenda nayo. Nilikuwa nimenakili maandishi yote, nikayasahihisha herufi kwa herufi jioni baada ya jioni, nikayachapa, nikatengeneza vitabu vitatu vyenye jalada gumu. Nikawatumia kwa basi. Tajewo akaniandikia ujumbe kuwa vimefika.

Kutoka kwa Mwalimu, kimya.

Mwezi wa kumi kimya. Wa kumi na moja kimya. Siku za mnada bado nilijikuta napika nyingi. Marsela akawa anakuja kula na mimi, hasemi kitu kuhusu jambo lile, ingawa ana haki ya kusema. Siku moja nilimwambia, Marsela, uliniambia. Akajibu, kula.

Krismasi ikapita. Mwaka ukageuka.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumanne moja tu, hata siyo siku ya mnada, simu ikaita. Namba siijui. Nilikuwa nimeshika bisibisi mdomoni.

Nikapokea. Nikasikia mtu anapumua, na nyuma yake watoto wanacheza.

"Fundi," ikasema sauti. "Ni Mepukori."

Nikatoa bisibisi. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Halafu nikauliza kama fundi. Nikauliza, Mwalimu, kuna shida gani, kompyuta imegoma?

"Hapana," akasema. "Hakuna kilichoharibika. Nimepiga tu."

Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Kama umemkumbuka mtu, mwambie umemkumbuka. Usimtengenezee sababu, na usimfungie kitu chake ili arudi. Mimi nilimfungia mtu kioo, akalipa kwa jicho.

Na kama kuna mzee kwako anayelalamika kila siku, leo redio, kesho simu, keshokutwa taa, usikimbilie kuitengeneza redio. Keti kwanza. Mwombe afunike jicho moja, akwambie anaona nini. Kisha muulize habari zake, na usubiri ajibu.